Siku Gitaa la Issa Lilipoacha Kuvuma

Nyinyi mnaoagiza kwa simu sumaku za gitaa, zile zinazonasa sauti ya nyuzi, zikaletwa na basi kutoka Dar, mkazifunga wenyewe kwa kutazama video, mimi siwacheki. Kubadilisha sumaku si kazi ya ajabu. Waya mbili, bisibisi, risasi kidogo ya kulehemu, na subira. Taabu huanza ukishawasha. Unataka muziki, unapata mvumo: vuuuu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hapo ndipo mnanijia.

"Babu Hamadi, gitaa linavuma."

Na mimi, kabla sijaligusa, nawauliza swali linalowaudhi. "Mnalichomeka wapi?"

"Kwenye amplifaya, babu."

"Kaileteni na yenyewe."

Mnaondoka mnanung'unika kwamba mzee anataka kuwabebesha mizigo bure. Leo nawaambia sababu. Nimekaa nayo miaka mingi bila kuisema yote, maana watu wengi wa Ruangwa waliokuwepo siku ile walinihesabu shujaa, na kuna sehemu ya habari waliyoisikia wachache tu.

Umeme nilifundishwa kwenye karakana ya mashamba ya karanga hapahapa Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya arobaini. Nilitoka kwetu Mnero, mikono imezoea jembe, nikaandikwa kazi ya kung'oa visiki. Siku moja wakamtafuta mtu anayejua tarakimu, asimame kando ya jenereta na kuandika mshale umesimama wapi. Nikanyoosha mkono. Ndivyo nilivyoangukia kwa Fundi Harnam, Kalasinga mrefu mwenye kilemba cha rangi ya majivu. Kiswahili chake kilikuwa na vilema vingi, ila hakikuwa na uongo.

Somo lake la kwanza lilikuwa juu ya mfuko wa suruali. "Mkono moja kazi, mkono moja mfuko," alisema. Ukigusa waya wenye moto kwa mkono mmoja na wa pili umeshika chuma, umeme unakata njia kifuani, na moyo uko palepale njiani. Nilimwona mzee mwenye wasiwasi. Wiki ileile nikafungua redio ya karani, mkono mmoja ndani, mwingine umeegemea bomba la maji. Nilichofahamu baadaye ni kwamba nimekaa chini ya meza na sijui nimefikaje. Fundi Harnam hakunipa pole. Aliutazama mfuko wangu, akaona umetoboka, akachukua sindano na uzi akaushona mwenyewe mbele ya watu. "Sasa hapana sababu," akasema.

Alitufundisha pia kumrudishia pumzi mtu aliyepigwa na umeme. Tulilazwa kifudifudi juu ya magunia, mmoja anampigia mwenzake magoti, anamkandamiza mbavu za chini, anaachia, anakandamiza, anaachia, kwa hesabu ya polepole. Tulicheka mpaka machozi. Siku hizi mnafundishwa namna nyingine, nzuri zaidi. Mjifunze hiyo ya kwenu, msiige ya kwetu.

Na kuhusu mvumo alikuwa na neno moja: mvumo hauzaliwi ndani ya chombo, unaingia kutoka nje, na kila kinachoingia kina mlango. Kazi ya fundi ni kutafuta mlango.

Mashamba ya karanga yalipokwisha, matrekta yakauzwa, Wazungu wakafunga mizigo, na Fundi Harnam akaenda zake kwa ndugu zake kaskazini. Mimi nikabaki. Jenereta za mji zilikuwa bado zinafanya kazi, redio zilianza kuingia madukani, nikapanga chumba kimoja karibu na soko nikawa fundi redio. Nilikuwa na meza, chuma cha kulehemu, taa ya kupimia, na amplifaya moja kubwa niliyoiunda mwenyewe kwa vipande vilivyotupwa. Nilijiona bwana mkubwa. Kijana aliye peke yake katika ufundi mjini hana wa kumsahihisha, na hiyo ni hatari kuliko waya ulio wazi.

Issa nilimjua tangu karakana. Yeye aliendesha trekta. Mzungu mmoja alipokuwa anaondoka alimwachia gitaa lake, lenye sumaku ya umeme iliyofungwa chini ya nyuzi, na Issa akalisikia gitaa lile kama mtu aliyeitwa jina lake. Kwao ni Narung'ombe. Baba yake, Mzee Abdala, alikuwa mkulima wa ufuta na mikorosho, mtu wa msikitini, mwenye maneno machache. Alimwambia mwanawe kwamba mwanaume haachi shamba akashike kibuyu chenye nyuzi. Issa hakurudi shambani. Alijiunga na wenzake wanne wakawa na bendi, wakipiga kwenye harusi na sikukuu. Miaka mitatu baba na mwana walisalimiana kwa kupitia watu.

Sasa, mwaka ule, tajiri mmoja wa Ruangwa mwenye mashine ya kusaga aliwaalika wapige uwanjani kwake sikukuu ya Idi, mchana, baada ya Adhuhuri. Mzee Abdala akatuma neno: nitakuja kuona kwa macho yangu kitu kilichoninyima mwanangu. Issa alinisimulia mara nne, kila mara kama habari mpya.

Na juma lilelile sumaku ya gitaa ikafa. Waya wake mwembamba ndani ulikatika. Issa alikuwa na nyingine, aliyoagiza Dar kwa mkono wa dereva wa lori, akaifunga mwenyewe usiku kucha kwa kisu na kipande cha risasi. Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, macho mekundu.

"Ndugu yangu, linavuma. Linavuma kuliko linavyoimba. Nitampigia nini baba, mvumo?"

"Lete," nikasema.

Sikilizeni nilivyofanya, maana sehemu hii niliifanya vizuri.

Nililichomeka kwenye amplifaya yangu. Mvumo ukajaa chumba. Kwanza nikapunguza sauti kwenye kitufe cha gitaa lenyewe. Mvumo ukaisha. Basi mlango uko ndani ya gitaa, kabla ya kitufe; amplifaya haina kosa. Nikapandisha sauti tena, nikamwambia Issa asimame na ageuke polepole na gitaa lake, kama msafiri anayetafuta kibla. Alipoelekea dirishani mvumo ulipungua kidogo, alipoielekea jenereta ya mji ukazidi. Kiasi chake, basi, kinatoka hewani. Huo huwezi kuumaliza, unaupunguza tu.

Nikagusa kifuniko cha chuma cha ile sumaku mpya. Mvumo ukapanda, ukawa kelele. Nikacheka. "Umezigeuza waya, Issa." Sumaku ina waya wa ndani, unaobeba sauti, na waya wa nje uliosukwa kama mkeka, unaoukinga ule wa ndani. Issa alikuwa ameufunga wa nje mahali pa wa ndani, kwa hiyo kifuniko chote kikawa sikio la kunasa takataka za hewani. Nikazibadilisha. Mvumo ukashuka nusu.

Nusu iliyobaki ilinisumbua. Nikashika nyuzi: hakuna badiliko. Nikashika chuma cha tundu la kuchomekea: kimya. Nikaachia: vuuuu. Nikashika: kimya. Mwili wangu ulikuwa unafanya kazi ambayo waya ungepaswa kuifanya. Nyuzi za gitaa lile hazikuungwa na kitu chochote. Nikachukua waya mfupi, nikalehemu ncha moja kwenye bati la mkiani ambako nyuzi zote hufungwa, ncha ya pili kwenye chuma cha tundu. Sasa kila Issa atakaposhika nyuzi, mwili wake wenyewe utakuwa umeungwa na bati la chini la amplifaya, lile linalobeba vipande vyote, na mvumo utanyamaza.

Ukanyamaza. Issa alipiga, sauti ikatoka safi kama maji ya kisima asubuhi. Alinikumbatia gitaa likiwa katikati yetu.

"Hamadi, wewe si fundi, wewe ni mganga."

Nami nikayapokea yale maneno. Nikayakalia. Sikumuuliza kitu kimoja: huko Ruangwa utalichomeka wapi?

Ijumaa walifanya mazoezi hapa Nachingwea bila shida. Jumamosi, siku ya Idi, walipanda lori alfajiri. Mimi niliswali, nikala, nikafungua chumba changu kidogo tu kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa ameniomba nimwangalizie redio yake kabla wageni hawajafika.

Akaiweka mezani. "Mpya kabisa hii," akasema. "Niliinunua Lindi pamoja na akina Issa. Wao wamechukua mwenzake, wamemgeuza kuwa amplifaya ya gitaa."

"Mbona Issa hakuniambia wana amplifaya mpya?"

"Labda hukumuuliza, fundi."

Nikafungua kifuniko cha nyuma huku namsikiliza nusu. Valvu zile, chupa za kioo zinazowaka ndani, zilikuwa mahali pake. Kipaza sauti sawa. Nikatafuta transfoma, lile donge zito la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuutenga usifike kwenye bati la chini. Sikuliona. Nikaipindua redio. Nikaipindua tena. Hakuna. Ilikuwa redio ya bei ndogo, ya kutengenezwa bila transfoma. Waya mmoja wa ukutani ulikwenda moja kwa moja kwenye bati.

Nikaichomeka redio ukutani, nikachukua taa yangu ya kupimia, balbu yenye waya mbili tu. Waya mmoja nikaugusisha kwenye bati la redio, wa pili kwenye chuma nilichokuwa nimekizika ardhini nje ya dirisha. Taa haikuwaka. Nikapumua. Kisha nikaichomoa plagi. Ilikuwa ya meno mawili ya duara, inayoingia ukutani upande wowote. Nikaigeuza, nikaichomeka tena.

Taa ikawaka yote.

Mwalimu alisema kitu, sikukisikia. Nilikuwa nauona ule waya mfupi nilioulehemu kwa mikono yangu. Bila waya ule, gitaa la Issa lingevuma, na yeye angeaibika mbele ya baba yake, basi. Kwa waya ule, nyuzi zote sita zimeungwa na bati la redio. Plagi ikiingia upande huu, salama. Ikiingia upande wa pili, Issa ameshika umeme wa ukutani kwa vidole vitano. Akiwa na viatu vikavu juu ya mbao anaweza asihisi kitu, apige wimbo mzima. Lakini akigusa chuma chochote kilichoungwa na ardhi, ndiyo basi. Na Issa alikuwa anaimba. Mwimbaji huweka mdomo kwenye maikrofoni.

Nilitoka mbio bila kufunga mlango.

Magari siku ya Idi ni ya kutafuta kwa tochi. Nikalipata lori moja la magunia linaloelekea Ruangwa, nikamwambia dereva kuna mtu anaweza kufa. Alikuwa mtu mwema, alikanyaga mafuta barabara ile ya mashimo mpaka meno yakagongana. Tulipofika Nandagala akasimama.

"Hapa ni kwa wakwe zangu," akasema kwa unyonge. "Wameliona lori. Nikipita bila kushuka, Idi hii, nitakuwa nimeoa kwa watu wasionitaka tena. Dakika kumi, fundi."

Mama mmoja alikuwa tayari anatoka na sinia la pilau. Wakanikaribisha na mimi kwa jina la Mungu, na wakwe wakanishika mkono. Vijana, kukataa chakula cha Idi mbele ya wazee ni jambo gumu. Nilisema nini sijui. Nakumbuka baiskeli iliyoegemezwa ukutani na mwenyewe akiniambia, "Breki haina." Nikaichukua.

Jua lilikuwa limeshapinda. Nilipanda vilima nikiikokota na kushuka nikiweka kiatu juu ya tairi. Nilikuwa najihesabia: wameshaanza. Wanaanza kwa nyimbo za kupiga tu, bila kuimba. Issa huimba wimbo wa tatu. Mungu wangu, wawe wamechelewa kuanza.

Niliusikia muziki kabla sijauona mji. Gitaa lilikuwa safi, halina mvumo hata kidogo. Hakuna sauti iliyowahi kunitisha kama usafi ule.

Uwanja wa tajiri ulikuwa umejaa. Akina mama na khanga mpya, wazee kwenye viti mbele, watoto juu ya ukuta. Jukwaa lilikuwa la mbao. Issa alikuwa amesimama katikati, shati jeupe limelowa jasho, anapiga macho yamefumbwa. Hatua mbili mbele yake ilisimama maikrofoni ya tajiri, ya chuma, na waya wake wa ardhini niliuona umefungwa kwenye msumari mrefu uliochomekwa kwenye udongo. Kiti cha kwanza kulia alikaa Mzee Abdala, kofia ya mkono kichwani, mikono juu ya magoti.

Nikapiga kelele. "Issa! Usiguse! Issa!" Mtu mmoja mbele yangu akageuka akacheka, akadhani nimefurahi. Nilijaribu kupenya, haikupitika. Na Issa akafumbua macho, akamtazama baba yake, akaanza kusogea mbele.

Fundi Harnam alikuwa akisema: kata moto kwanza, mtu baadaye. Niliuacha umati, nikaufuata waya kwa macho: unatoka uwanjani, unapanda nguzo, unaingia dirisha la chumba cha mashine. Nikakimbilia huko. Mlangoni amesimama Mzee Chande, mwendesha mashine, mtu mzima mwenye mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Unakwenda wapi, bwana?"

"Zima!"

"Nizime? Tajiri ana wageni."

"Mtu anakufa, mzee wangu, zima!"

"Nani anakufa? Mbona wanacheza?"

Na hapo muziki ukakatika. Ulibaki mlio mmoja mrefu wa gitaa, hauendi popote. Halafu vicheko, watu walidhani ni mbwembwe. Nilimsukuma Mzee Chande kwa bega, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima kabla wala baada, nikaivuta chini swichi kubwa ya ukutani.

Kimya. Kisha sauti ya mwanamke.

Watu sasa walinipisha. Issa alikuwa amelala chali juu ya mbao, maikrofoni imeanguka kifuani pake, mkono wa kushoto bado umejikunja kwenye shingo ya gitaa. Mdomo umeungua. Kifua hakipandi. Mzee mmoja alikuwa ameshaanza, "Inna lillahi..." na wengine wakapokea. Nikavifungua vile vidole kimoja kimoja, nikamgeuza kifudifudi, nikampigia magoti, nikaweka viganja kwenye mbavu za chini. Kandamiza. Achia. Kandamiza. Achia.

"Mwacheni marehemu!" mtu akasema. "Anamfanya nini?" Mkono ukanishika shati.

Mzee Abdala alikuwa amepanda jukwaani. Sikumwona, niliiona miguu yake tu. "Mwachieni," alisema. "Anayajua haya. Mwachieni afanye."

Mkono ukaniachia. Sijui nilihesabu mara ngapi. Jasho langu lilikuwa linamdondokea Issa shingoni. Nikajua hivi karibuni nitachoka, na nikichoka nitakuwa nimemuua mara ya pili. Halafu chini ya viganja vyangu mbavu zikasukuma juu. Zenyewe. Issa akakohoa, akatapika kidogo, akalia kama mtoto.

Uwanja ulipiga takbiri.

Hapo ndipo watu wengi wa Ruangwa wanapoimalizia hadithi hii. Nilibebwa. Tajiri alinipa mkono mbele ya wageni wake, Mzee Chande akaniomba radhi mimi niliyemsukuma. Issa alilazwa kwenye nyumba ya jirani, anazungumza, vidole viwili vya kushoto vimeungua vibaya na mdomo umevimba. Mama yake alikuja na kikapu cha mayai na kuku aliyefungwa miguu, akaniwekea mapajani, akanishukuru kwa Kimwera, maneno ambayo hayana wenzake kwa Kiswahili.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Redio ilikuwa na kosa lake, plagi ilikuwa na kosa lake, siku ilikuwa na bahati yake mbaya. Nilimwangalia yule kuku, naye akaniangalia.

"Mzee Abdala," nikasema, "nina neno."

Nikamweleza, yeye na mkewe, na Issa akiwa kitandani anasikia. Sikutumia maneno makubwa. Nilichukua njiti mbili za kiberiti nikaziweka mkekani: huu ni waya wenye moto, huu ni waya wa kurudi. Plagi ikiingia hivi, nyuzi ziko hapa. Ikigeuka, nyuzi ziko hapa. Na kabla ya Alhamisi nyuzi hazikuwa popote. Mimi ndiye niliyeziunga. Sikuuliza anakwenda kuchomeka wapi.

Mzee aliziangalia zile njiti. Kisha akainuka, akakichukua kikapu cha mayai mapajani pangu, akamchukua na kuku, akampa mkewe. Akatoka nje.

Nilirudi Nachingwea juu ya lori lilelile la yule dereva, ambaye alinihurumia asiniulize kitu.

Majuma matatu sikufungua redio hata moja. Nilitengeneza saa na cherehani. Watu walileta kazi, nikasema mkono unauma. Nilifikiri kurudi Mnero kulima. Halafu asubuhi moja Issa akaingia, mdomo umepona, vidole viwili vimefungwa kitambaa. Kwapani ameshika gitaa, na nyuma yake wenzake wawili wamebeba ile redio.

"Nitengenezee iwe salama," akasema.

"Mtafute fundi mwingine, ndugu yangu. Nenda Lindi, nenda Mtwara."

"Nikimpata mwingine atakosea upya. Wewe kosa hili umeshalimaliza."

Hilo, vijana, ndilo jambo la ukarimu zaidi nililowahi kuambiwa kazini, na lilisemwa na mtu niliyekaribia kumuua.

Nikaenda kwenye mabanda ya vyuma chakavu vya mashamba ya karanga, nikafukua siku mbili mpaka nikapata transfoma niliyoitaka, nzito, yenye kutu nje na nzima ndani. Umeme unaingia upande mmoja, unatoka upande wa pili bila waya za pande hizo mbili kugusana kamwe. Nikaifunga redio nyuma yake. Bati nikalipa waya wake wenyewe wa kwenda ardhini, na mahali pa kuchomekea gitaa nikaweka kinga nyingine, maana siku zile nilikuwa nafunga mlango na dirisha na tundu la panya. Nikapima kwa taa: haikuwaka upande wowote. Nikapima tena. Nyuzi niliziacha zimeungwa vilevile kama mwanzo, maana ule waya mfupi haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kule ulikokwenda.

Siku ya kujaribu, Issa alikuja na baba yake.

Mzee Abdala alinisalimia. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia ileile. Issa akanyoosha mkono kulichukua gitaa.

"Ngoja," Mzee akasema. Akanionyesha kwa kidevu. "Ashike yeye kwanza."

Ilikuwa haki yake. Nilivua viatu. Nikamwaga maji kwenye sakafu ya saruji, nikasimama katikati ya ule unyevu. Kwa mkono wa kushoto nikazishika nyuzi zote sita. Kwa mkono wa kulia nikaushika waya wa kile chuma nilichokizika nje ya dirisha. Yote aliyonikataza Fundi Harnam, niliyafanya pamoja. Nilikuwa nimepima mara mbili.

"Washa," nikamwambia Issa.

Akawasha. Valvu zikachukua muda wake kupata moto. Hakukuja kitu. Si mchomo, si mtekenyo, wala mvumo. Nikahesabu moyoni mpaka kumi, nikamtazama Mzee.

Hakuwa ameridhika. Alikuwa ameinama mbele, anaiangalia plagi ukutani, mtu ambaye nyumbani kwake hakukuwa na waya hata mmoja.

"Sasa igeuze," akasema.

Issa akaizima, akaichomoa, akaigeuza meno, akaichomeka. Nikazishika nyuzi tena. Akawasha. Safari hii Mzee Abdala hakuliangalia gitaa wala plagi, aliuangalia uso wangu tu, muda wote valvu zilipokuwa zinapata moto, na baada ya hapo akaendelea kuniangalia kidogo.

Kisha akageuka kwa mwanawe.

"Haya," akamwambia. "Piga."